Miwani ya Sindano

Tarehe 9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninaanza na shikamoo kwa sababu mwalimu wetu anasema barua isiyoamkia ni sawa na mgeni anayeingia sebuleni na viatu vya matope. Mimi ni binti mkubwa wa kaka yako. Ulipoondoka nilikuwa na miaka mitano, sasa nina kumi na sita na niko kidato cha tatu. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha ya zamani iliyokunjwa kuzuia dirisha la jikoni lisigonge. Nilipiga simu hospitalini kwenu mara mbili. Aliyepokea alisema wewe hupokei simu za ndugu, mwenye shida aandike. Kwa hiyo ninaandika.

Baba hajambo. Analinda karakana ya mbao, na kikohozi cha vumbi kimepungua tangu walipompa kibanda chenye mlango. Mama hajambo pia, anashona sare za shule, ingawa cherehani yake imeanza kuruka mishono na yeye anaisema kama anavyonisema mimi. Mdogo wangu ndiye mgonjwa, na ndiye sababu ya barua hii.

Ana miaka sita. Tunamwita Kijiko, kwa kuwa mpaka anafika miaka minne alikataa kunywa kitu chochote kwa kikombe. Mwezi wa kumi waligundua ana saratani ya damu. Amelazwa katika hospitali ile ile uliyokuwa unafanyia kazi, wodi ya watoto, kitanda namba nne, dirishani. Dawa yake ni nyekundu kama sharubati, na ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Mkono wake wa kushoto umeshaungua, ngozi ikapasuka. Wamesema ni lazima awekewe mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ndipo dawa ipite bila kumdhuru.

Daktari mkuu wa wodi wauguzi wanamwita Bwana Kidole, ila si mbele yake. Anapapasa shingo kwa kidole, anafumba macho, halafu anachoma. Wanasema zamani hakuwa anakosa. Kwa Kijiko amekosa mara tatu. Nilikuwa nje, nikaona kwa kioo cha mlango: mara ya tatu damu ilitoka kwa kuruka, nyekundu sana, na shingo ikavimba kama ameficha limau. Alikuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Alipoamka alishika shingo akauliza nani amempiga.

“Huyu mtoto ana mishipa mikaidi,” Bwana Kidole alimwambia Mama, kana kwamba Kijiko ameifanya kusudi.

Shangazi, nimesikia kwamba kazi yako huko ni hiyo hiyo, kuweka mirija kwa watoto. Naomba kujua, nyinyi mnafanyaje ili msikose?

Wako,
Binti wa kaka yako


Tarehe 2 Februari

Binti wa kaka,

Nakurudishia barua yako. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu.

Usiniite mpendwa, hunijui. Salamu nazo punguza, zinakula karatasi. “Kama ameficha limau” maana yake nini? Sentimeta ngapi? Upande upi? Daktari akisoma limau hajasoma kitu. Herufi zako ni nzuri. Hiyo ni sifa ya karani, usivimbe kichwa.

Swali lako ni la maana. Jibu lake ni fupi: hatufumbi macho.

Tunatumia mashine ya ultrasaundi. Unaweka kichwa cha mashine, kile kidogo bapa chenye waya, juu ya shingo, na kwenye kioo chake unaona duara mbili nyeusi zimelala pamoja. Moja ni ateri, inatoa damu moyoni. Nyingine ni vena, inairudisha, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Kibonyeze kidogo tu: vena inajikunja kama mdomo unaofungwa, ateri inabaki duara na inapiga. Basi. Mtoto wa darasa la kwanza angezitofautisha. Kisha unaingiza sindano huku unaitazama ncha yake kwenye kioo, doa jeupe. Doa likipotea, unasimama. Huendi mbele hata unywele mmoja mpaka ulione tena. Kwa mtoto wa umri wa mdogo wako mshipa ule una unene wa penseli, na mkono mzito ukiegemea kichwa unaufunga kabisa. Ndiyo maana vidole haviwezi kuujua. Kidole kinachoutafuta ndicho kinachouficha.

Damu iliyoruka ilikuwa ya ateri. Bwana Kidole anajua hilo. Mishipa haina ukaidi, wenye ukaidi ni watu.

Mwanafunzi wangu akichoma mtoto bila kutazama kioo namtoa nje ya chumba mbele ya wenzake, na harudi wiki hiyo. Waambie watumie mashine. Ipo.

Ukitaka kuendelea kuniandikia, kuna masharti mawili. Andika unachokijua tu. Sentensi moja ya uongo nikiikuta, hata iliyoandikwa kunifurahisha, sitajibu tena. La pili, usiniletee habari za baba yako.

Shangazi


Tarehe 16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Hiyo nimeshindwa kuiacha.

Limau: sentimeta nne kwa tatu, upande wa kulia. Nilipima kwa rula ya shule wakati amelala.

Mashine ipo, kama ulivyosema. Iko wodi ya wazazi na ina kichwa kimoja, kile kikubwa kilichopinda cha kutazamia matumbo ya wajawazito. Ubavuni kuna tundu la kichwa cha pili, limezibwa kwa plasta, na plasta yenyewe imekuwa rangi ya chai. Kichwa kikubwa kiliwahi kujaribiwa kwenye shingo ya mtoto, wakasema ni kama kusoma gazeti ukiwa juu ya paa.

Nilimuuliza muuguzi anayelaza wagonjwa kwa dawa, yule wanayemwita Sista Usingizi.

“Sista, kichwa kidogo cha ile mashine kiko wapi?”

“Nani anauliza?”

“Mimi. Na shangazi yangu.”

Aliacha kukunja mashuka. “Shangazi yako anauliza?”

“Amesema mashine ipo, mtumie.”

“Ana uso mkavu, mama huyo. Basi mwandikie umuulize yeye kichwa kiko wapi. Mwambie Sista amesema siku ile nilikuwa nashika mtoto, sikuwa nashika mkoba wa mtu.”

Ninaandika kama alivyosema, kwa sababu ulitaka ninachokijua tu. Sijui maana yake. Umenikataza habari za Baba, lakini hii ni habari ya kichwa, na siwezi kuzitenganisha. Baba alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Kichwa kilipotea kwenye orodha yake. Aliandika maelezo mara tisa, na nakala zote ziko chini ya godoro. Mara ya tisa walimwachisha kazi. Watu wa mtaani bado wakimuuzia kitu wanamtania: “Hiki usikipoteze, mzee.” Anacheka nao.

Kijiko nilimweleza kuhusu mashine kwa kutumia tochi na glasi ya maji. Alisikiliza vizuri.

“Kwa hiyo sindano ya Bwana Kidole haina macho?”

“Haina.”

“Na ya shangazi?”

“Ya shangazi inaonekana kwenye kioo inakokwenda.”

“Kama imevaa miwani.”

“Kama imevaa miwani.”

“Basi mwambie ailetee ya kwetu miwani. Na Baba pia, yake imevunjika mkono.”

Ukurasa wako wa maelezo niliunakili nikampelekea Bwana Kidole. Alisoma mpaka katikati akanirudishia. “Mishipa ya watoto haijahama tangu nilipokuwa chuoni,” alisema. Mkono uliokuwa umeshika karatasi ulikuwa unatetemeka kidogo, na aliuingiza mfukoni alipoona ninautazama. Amempangia Kijiko Alhamisi hii. Safari hii atapita chini ya mtulinga, mfupa ule wa begani, kwa sababu shingo bado inauma.

Barua hii haitakufikia kabla ya Alhamisi. Ninaiandika hata hivyo. Shangazi, kichwa kidogo kiko wapi?

Binti wa kaka yako


Tarehe 20 Machi

Binti wa kaka,

Kichwa changu kiko shingoni, mwambie Sista hivyo. Chake sijui.

Barua yako imekaa mezani wiki mbili na nusu. Nimekuwa napita kando yake kama ninavyopita kando ya mgonjwa wa mtu mwingine. Umejifunza kutuhumu kwa mwandiko mzuri, na nakala ya pili ya tabia hiyo najua umeitoa wapi: baba yako naye alikuwa haulizi, anasimulia tu mpaka mtu ajisikie vibaya.

Tuseme kichwa hicho ningekuwa nacho. Ningekituma kwa nani? Kwa mtu aliyeisukuma mashine kwa mguu? Ningekituma kikae kabatini, kizibiwe tundu kwa plasta mpya? Watoto wa wodi ile si wangu. Kila mmoja ana shangazi yake, akamwandikie. Huku kwangu naweka mirija mitano kwa siku, na sijawahi kuuliza ni watoto wa nani, lakini hao wameletwa mlangoni kwangu. Sitabeba wodi nzima ya hospitali iliyonifanya nisilale miaka mitatu.

Mtoto wa kaka yangu ni jambo jingine. Huyo ni damu.

Kwa hiyo niambie habari zake, si za Sista. Shingo ikoje? Amechomwa lini mara ya mwisho, wapi, mara ngapi? Analia? Uzito? Na huyo mwenye maneno ya miwani, amesema nini tena? Jibu kwa mpangilio huo.

Shangazi


Tarehe 3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Nimeisoma mara tatu, hasa pale ulipoandika kwamba watoto wa wodi ile si wako.

Baba anakwenda kazini na anarudi. Mama amefunika cherehani kwa kitambaa, hajashona tangu kabla ya mwezi uliopita kuanza. Majirani wamekuwa wema. Ninajibu kwa mpangilio uliotaka.

Shingo: uvimbe umekwisha.

Kuchomwa: mara ya mwisho ni Alhamisi ile niliyokuandikia. Mara mbili, chini ya mtulinga, upande wa kulia. Mshipa haukupatikana. Wiki zote hizi hajachomwa tena.

Kulia: halii.

Uzito: wa mwisho ulioandikwa kwenye faili ni kilo kumi na sita na nusu.

Alichosema: la mwisho alilosema juu yako ni lile la miwani.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa mimi nina yangu. Ninaenda wodini kila siku nikitoka shule, nawasomea watoto na kuwasaidia wenye hesabu za kuandika. Kitanda namba nne, dirishani, kuna msichana wa miaka minne. Baba yake ni kinyozi na amemnyoa mwenyewe kabla dawa haijamnyoa, kisha akajinyoa na yeye ili wafanane. Mikono yake yote miwili imekwisha mishipa. Naye anahitaji mrija. Bwana Kidole amemwandika kwenye ubao, hajaweka tarehe. Sista Usingizi anamcheleweshea tarehe kwa visingizio: leo mashuka hayajakauka, kesho mtoto ana mafua. Jana alimwambia mtoto apige chafya daktari akipita. Mtoto amelipenda hilo, anapiga chafya siku nzima.

Sista amesema visingizio vitamwishia. Amesema pia kwamba yeye ulimfundisha mwenyewe kuweka mrija kwa kutazama kioo, mirija kumi na mmoja, na hajasahau. Mikono anayo. Hana kichwa tu.

Sikukutuhumu, Shangazi. Niliuliza, na bado ninauliza.

Binti wa kaka yako


Tarehe 25 Aprili

Binti wa kaka,

Kifurushi kinakuja na barua hii. Ndani ya boksi la viatu kuna soksi ya sufu, ndani ya soksi kuna kichwa. Waya usiukunje.

Nitaeleza mara moja, na usiniulize tena. Miaka kumi na moja iliyopita kulikuwa na mtoto wa miezi minane. Mashine ilikuwa mpya, imesimama pembeni ya meza, imewashwa. Nilikuwa nimeshaziona duara zote mbili. Bwana Kidole aliingia akaisukuma kwa mguu, akasema, “Ondoeni hii televisheni, tuna kazi hapa.” Alichoma mara sita. Sista alikuwa ameshika kichwa cha mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama na kichwa cha mashine mkononi kama mtu aliyeshika tochi mchana. Mtoto alifia pale mezani, na yeye akanawa mikono na kusema mishipa ilikuwa mikaidi.

Nilikichomoa nikakitia mkobani. Nilisema asiyetaka kuona asiachiwe macho. Ilikuwa Ijumaa. Nilikusudia kukirudisha Jumatatu, hasira ikishapoa. Jumatatu walikuwa wameshamwita baba yako ofisini. Ningekirudisha, ningekuwa mwizi. Jumanne nilipanda basi. Niliambiwa baadaye kwamba walimwachisha kazi. Sikuandika. Kila mwaka kuandika kulizidi kuwa kugumu, na yeye hakuniuliza.

Baba yako usimwonyeshe. Sema kimetoka kwa wafadhili.

Mwambie Sista afanye hivi. Taulo lililoviringishwa chini ya mabega ya mtoto, kichwa kigeuzwe kidogo tu upande wa pili, akikigeuza sana mshipa unalala juu ya ateri. Miguu iwe juu kuliko kichwa. Kichwa cha mashine kivalishwe glovu safi yenye jeli ndani. Mkono uwe mwepesi kama anaandika juu ya ngozi ya maziwa. Kwa kuwa amekaa miaka kumi na moja bila kufanya, aanze na kidari cha kuku: apitishe puto refu lenye maji ndani ya nyama, alitafute kwenye kioo, achome mpaka maji yatoke. Mara ishirini bila kukosa. Akikosa ya kumi na tisa aanze moja.

Ninakituma kwa ajili ya Kijiko, si kwa ajili ya wodi. Kijiko akimaliza dawa, kirudi kwangu.

Mwambie miwani imefika.

Shangazi


Tarehe 14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi ni wazima wote tuliopo.

Kifurushi hakikunifikia mimi kwanza. Ofisi ya vifurushi haimpi mtu asiye na kitambulisho, na mimi sijatimiza umri. Baba ndiye aliyekwenda. Alikifungua mezani nikiwa nimesimama mlangoni na begi la shule. Alikigeuza kichwa, akaweka kidole gumba juu ya namba iliyochongwa nyuma, akaitaja yote, tarakimu nane. Hakuisoma. Miwani yake bado imevunjika mkono. Alikuwa anaikumbuka, ameiandika mara tisa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali. Ulitaka niseme wafadhili, nami nilikuwa nimeamua nitakaa kimya tu. Hakuniuliza. Alisema, “Soksi hii alifuma mama yangu.” Aliivaa mkononi kama glovu, akakaa nayo hivyo mpaka chai ikapoa. Jina lako hakulitaja.

Asubuhi alikipeleka hospitali mwenyewe, kwa miguu. Aliomba daftari la zamani la stoo. Mtunza stoo wa sasa ni kijana wa heshima, alilitafuta mpaka akalipata na akampa kalamu. Kwenye mstari ule ule, mbele ya neno “kimepotea”, Baba aliandika “kimepokelewa” na tarehe. Kisha akaenda zamu yake akiwa amechelewa, na ndiyo mara ya kwanza kuchelewa.

Sista alifanya mazoezi kwenye kidari cha kuku, jikoni kwetu kwa kuwa kuna meza ndefu. Mashine tuliiazima Jumapili. Alikosa ya kumi na moja akaanza moja. Kuku wa watu alipata matundu mpaka Mama akasema huyu hapikwi, azikwe. Ndilo neno la kwanza la mzaha alilosema Mama tangu mwezi wa pili.

Mtoto wa kinyozi alifanyiwa jana. Nilikuwa nje ya mlango, kwenye kioo kile kile. Sista aliweka kichwa shingoni, akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Bwana Kidole alikuwa nyuma yake. Hakualikwa, lakini hakufukuzwa. Mlango haufungi vizuri, kwa hiyo nilisikia.

“Ule unaojikunja ndio wenyewe?”

“Ndio, daktari.”

“Mdogo hivyo?”

“Mdogo hivyo.”

Alisogea karibu na mashine. “Na pale ndipo ningechoma mimi,” akaonyesha kwenye kioo. Sista alikuwa anatazama doa. Alichoma mara moja. Damu ilitoka taratibu, nyeusi, haikuruka kama ile ya ateri. Bwana Kidole alitoka akapita mbele yangu bila kunawa mikono. Leo asubuhi dawa nyekundu imeingia yote. Mtoto amenionyesha mrija wake na kunipigia chafya moja ya bure.

Sasa ninaandika kile ambacho hukukiuliza.

Kijiko alifariki Jumamosi tarehe 22 Februari, saa nne asubuhi. Alhamisi ile sindano ilitoboa pafu. Hewa ikajaa kifuani, na mpaka Ijumaa jioni wote walidhani ni homa ya kawaida. Mrija wa kutoa hewa uliwekwa, lakini alikuwa amechoka sana. Barua yangu ya pili ilikuwa bado iko njiani kwako. Yako ya Machi, uliyouliza anasema nini, ilifika akiwa na wiki tano na siku nne kaburini.

Nilianza kukuandikia siku ile ile ilipofika. Niliandika mstari mmoja, kwamba amefariki. Kisha nikasoma tena kwamba watoto wa wodi ile si wako, na kwamba mtoto wa kaka yako ndiye jambo jingine. Nikajua nikituma mstari ule, kichwa hakitakuja. Nikauchana, nikajibu maswali yako kwa mpangilio.

Ulisema sentensi moja ya uongo ukiikuta hutajibu. Sikuandika hata moja. Niliipitia barua ile kwa wino mwekundu kabla ya kuituma.

Umetaka kichwa kirudi Kijiko akimaliza dawa. Hakumaliza. Kitabaki hapa.

Simfurahii aliyenifanya niandike vile, Shangazi, na sijifurahii mimi. Usiku nalala vizuri, jambo ambalo linanitia hofu kidogo. Nimemwambia mwalimu nataka kuchukua masomo ya sayansi mwakani. Nataka kuwa mtu wa kushika kichwa kile. Sista amesema mkono wangu ni mwepesi. Maelezo yako ya shingo nimeyabandika ukutani kwenye chumba cha wauguzi, na juu yake nimeandika neno la Kijiko, kwa hiyo wodini siku hizi hakuna anayesema ultrasaundi. Wanasema, leteni miwani.

Miwani imefika, kama ulivyotaka nimwambie. Nilikwenda nikamwambia.

Binti wa kaka yako


Tarehe 6 Juni

Binti wa kaka yangu,

Msalimu baba yako. Msalimu mama yako. Msalimu Sista, mwambie mirija kumi na miwili sasa. Wasalimu na majirani waliokuwa wema, ingawa siwajui.

Nimetoa barua yako ya Aprili nikaisoma tena. Shingo haina uvimbe. Hajachomwa. Halii. Uzito wa mwisho. Kitanda namba nne, dirishani, kina mtoto mwingine. Yote uliyaweka mbele ya macho yangu. Nimesimama miaka ishirini juu ya watoto nikiwakemea wanafunzi watazame wanachokifanya, na barua ile niliisoma kwa kidole.

Sina kosa la kusahihisha. Nimekaa na kalamu nyekundu mkononi tangu asubuhi.

Shangazi yako